Malipo yana namba, malalamiko hayana: tathmini ya huduma za halmashauri ya jiji letu

Mwaka jana niliingia katika ofisi za halmashauri ya jiji ninaloishi mara 11. Mara 3 nilifuata leseni ya duka langu la vifaa vya shule, mara 7 nilifuata habari za mtaro mmoja, na mara 1 nilikwenda kuketi katika viti vya wananchi, nyuma ya ukumbi, kusikiliza mkutano wa baraza la madiwani. Nimeona niandike tathmini ya huduma nilizopata kama ambavyo wengine huandika kuhusu benki au mtandao wa simu, kwa sababu ushuru tunaolipa ni fedha zetu, na anayelipa ana haki ya kusema amehudumiwa vipi. Jiji lenyewe sitalitaja, maana waliomo ofisini humo wengi wao walinitendea wema. Tanzania Bara ina majiji sita, yaani Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, Mwanza, Mbeya na Tanga, na kwa kuwa yote yanaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982, nadhani mkazi wa jiji lolote kati ya hayo atayatambua mengi ya nitakayoyaeleza.

Nianze na leseni, kwa kuwa hapo sina la kulaumu. Nilipostaafu ualimu na kufungua duka, nilihadharishwa na wenzangu kwamba leseni ya biashara ni safari ya wiki kadhaa. Haikuwa hivyo. Ziara ya kwanza ilikuwa ya kuuliza, na kijana wa kitengo cha biashara aliniandikia kwenye karatasi vitu vyote vilivyohitajika: TIN, kitambulisho cha Taifa, mkataba wa pango na uthibitisho wa TRA kwamba sidaiwi kodi. Ya pili ilitokana na kosa langu mwenyewe, kwani mkataba wangu wa pango haukuwa na sahihi ya shahidi. Ya tatu nilikaa kwenye benchi la mbao, kijana yule akaingiza maombi yangu katika Tausi, mfumo wa kompyuta wa halmashauri, na kabla sijamaliza kufuta miwani nikapokea kwenye simu namba ya malipo yenye tarakimu 12, inayoanza na 99. Nililipa palepale kwa simu, na alasiri hiyo nikatoka na leseni yangu. Alinieleza pia, bila kuulizwa, habari za ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mapato ghafi, akanionyesha jinsi ya kuukokotoa ili siku moja nisije nikashtukia deni. Kwa huduma ya namna hiyo ninatoa pongezi za dhati.

Sasa mtaro. Nyuma ya duka langu unapita mtaro wa zege unaotoka sokoni na kushuka hadi bondeni. Mwezi wa tatu, kabla masika hayajashika kasi, mfuniko mmoja wa zege ulivunjika na kutumbukia ndani, na kila kilichokuja na maji kikawa kinanasa hapo: chupa za plastiki, maganda ya nazi, viroba, na siku moja kiti kizima kisicho na miguu. Mvua kubwa ya kwanza ya Aprili ilinyesha usiku. Asubuhi nilipofungua mlango nilikuta maji yamefika rafu ya pili, na katoni 6 za madaftari niliyoyanunua kwa ajili ya muhula mpya zimelowa. Daftari lililolowa huvimba, kurasa hushikamana kama mkate, na ukijaribu kuzitenganisha mistari hubaki kwenye vidole. Nilikaa sakafuni nikiyapanga juani moja moja, nikijua kabisa kwamba hakuna mtoto atakayeyaandikia.

Nilikwenda ofisi ya mtaa, na hapo niseme wazi kwamba ngazi ile ya chini kabisa ndiyo iliyonisaidia kwa haraka kuliko zote. Mwenyekiti wa mtaa alikuja jioni ileile akiwa amevaa mabuti ya mvua, akashuka mtaroni na mti mrefu, akapima kina cha uchafu, na kesho yake mtendaji wa mtaa akaandika barua ya ukurasa mmoja, akaigonga muhuri na kuniomba niipitishe kwa mtendaji wa kata. Mtendaji wa kata naye aliiongezea maelezo na muhuri wake. Kwa siku mbili barua yangu ilikuwa imebeba mihuri miwili na sahihi tatu, nikaipeleka mwenyewe jijini kwa daladala.

Barua zote za halmashauri hupokelewa masjala. Mhudumu aliniamkia vizuri, akaisoma, akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye barua halisi na kwenye nakala yangu, akaandika mstari mmoja katika rejista kubwa yenye jalada gumu, kisha akaniambia, “Mwalimu, itakwenda kwa Mkurugenzi, atatoa maelekezo, halafu idara husika itakupigia.” Niliondoka nikiwa na imani. Nilikuwa nimefundisha miaka 31 na kuandika barua nyingi za kiofisi, na ninajua kwamba barua huwekwa kwenye jalada, jalada hupanda kwa Mkurugenzi, hushuka kwa mkuu wa idara, na huko hupewa afisa wa kuishughulikia. Utaratibu huo una maana yake, kwa kuwa hulinda kumbukumbu na kumfanya kila aliyeshika jalada aache maandishi yake.

Wiki mbili zilipita bila simu. Niliporudi niliulizwa namba ya barua yangu. Sikuwa nayo, kwa sababu sikupewa. Nilichokuwa nacho ni muhuri wenye tarehe. Mhudumu, ambaye hakuwa yule wa kwanza, alianza kupekua rejista mstari kwa mstari, akaipata, akasema jalada limekwenda idara ya mazingira. Nikapanda ngazi. Idara ya mazingira wakaniambia wamekwishaandika maoni yao, kwamba mtaro huo ni wa barabara, na barabara za mijini si za halmashauri tena, hivyo jalada limerudishwa juu ili halmashauri iwaandikie wanaohusika.

Hapo niliwaelewa, na ninaomba msomaji naye awaelewe. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri zinasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wakati barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Majitaka yako chini ya mamlaka ya maji. Taka ngumu zimebaki kuwa kazi ya halmashauri. Kwa hiyo katika mtaro mmoja wenye upana wa hatua moja, chupa zilizonasa ni jukumu la jiji, kuta na mifuniko ni jukumu la wakala wa barabara, na maji machafu yanayovujia humo kutoka kwenye bomba lililopasuka ni jukumu la mamlaka ya maji. Mgawanyo huu una sababu zake za kitaalamu na sikatai. Lakini mwananchi ambaye duka lake limeingia maji haoni mipaka hiyo, wala hapaswi kuijua kwa moyo kabla ya kusaidiwa. Anakwenda kwa diwani wake na kwa halmashauri yake, kwa sababu hao ndio aliowachagua na ndio anaowalipa ushuru, na ninaamini kazi ya halmashauri katika jambo la aina hii ni kulipokea lalamiko mara moja, kulipeleka linakostahili kwa niaba yake, na kumweleza limefika wapi.

Ziara ya tatu na ya nne zilikuwa za kuambiwa jalada liko mezani kwa fulani na fulani yuko safarini. Ziara ya tano ndiyo iliyoniuma. Mhudumu wa masjala, yule wa kwanza, aliamua kulitafuta jalada kwa mikono yake, akalikuta kwenye rafu chini ya majalada mengine, akalifungua mbele yangu. Barua kwa wakala wa barabara ilikuwa imekwishaandikwa na kutumwa. Na pembeni, kwa kalamu ya bluu, palikuwa na maelekezo ya maneno mawili: “Mwananchi ajulishwe.” Chini yake palikuwa na tarehe. Zilikuwa zimepita wiki tano.

Nilikaa kimya kidogo, na yule dada naye akanyamaza. Kazi ilikuwa imefanyika. Mtu mwenye nia njema alikuwa ameandika kwamba nijulishwe, na hakuna aliyekuwa na njia ya kunijulisha, kwa sababu barua ya mtaa haikuwa na namba yangu ya simu na hakuna fomu iliyoniuliza. Katika wiki tano hizo nilikuwa nimewaambia majirani zangu wa sokoni, kwa uchungu, kwamba jiji halijali. Niliwapotosha bila kujua, na halmashauri ikapoteza imani yetu kwa jambo ambalo ilikuwa imelitimiza.

Hicho ndicho ninachotaka kusema katika tathmini hii yote. Katika jengo moja, ghorofa ya chini, mtu anayelipa hupewa namba ya tarakimu 12 ambayo haiwezi kupotea, ambayo benki inaijua, simu inaijua na mfumo unaijua, na stakabadhi yake huja yenyewe. Ghorofa ya kwanza, mtu anayelalamika hupewa muhuri wa wino. Fedha yangu ilifuatiliwa kutoka mkononi mwangu hadi hazina kwa dakika chache, na lalamiko langu lilifuatiliwa kwa miguu yangu mwenyewe kwa zaidi ya miezi miwili. Siamini kwamba watumishi wa juu ni wavivu kuliko wa chini, kwa maana niliwaona wakifanya kazi hadi saa kumi na moja na zaidi. Waliopangwa chini wamepewa mfumo, na wa juu wamepewa rejista.

Ziara ya sita mkuu wa kitengo alinipokea ofisini kwake, akaniomba radhi bila kutafuta visingizio, na akanipa nakala ya ile barua. Mwezi wa nane mafundi walikuja na winchi, wakauinua mfuniko uliovunjika, wakazoa tope siku mbili mfululizo, na wakaweka mfuniko mpya. Ziara ya saba nilipeleka barua ya shukrani. Nayo iligongwa muhuri na kuandikwa katika rejista ileile.

Katikati ya mambo hayo, diwani wetu alinishauri niende nikasikilize baraza, na ninamshauri kila mkazi wa mjini afanye hivyo walau mara moja maishani. Baraza hukutana kila robo ya mwaka, na mikutano yake iko wazi, ingawa mwananchi huenda kusikiliza tu. Wanaosema ni madiwani na wataalamu. Mstahiki Meya aliingia akiwa na joho na mkufu, dua ikasomwa, na siku hiyo ikawa ya madiwani kuwasilisha taarifa za kata zao. Nilikuwa nimedhani nitasikia siasa za vyama. Nilichosikia kwa muda wa saa tatu ni vyoo vya shule, zahanati isiyo na mlinzi, taa za barabarani, mbwa wazururao, mgogoro wa mpaka wa makaburi, na kizimba cha taka ambacho gari halijafika kwa siku tisa. Diwani wetu aliposimama alisoma kurasa nne, na mtaro wetu ulikuwamo katika sentensi moja. Siwezi kueleza vizuri jinsi sentensi ile ilivyonigusa. Jambo lililoanzia kwenye sakafu ya duka langu lilikuwa limepanda kutoka mtaa hadi kata, kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na sasa lilikuwa likisomwa mbele ya Mkurugenzi na wakuu wa idara wote, na likiandikwa katika muhtasari.

Udhaifu niliouona barazani ni uleule wa masjala. Madiwani watatu walisimama kulalamika kwamba hoja walizozitoa robo iliyopita hawakujibiwa, na menejimenti ikaeleza kwamba nyingine zilikuwa zimeshughulikiwa. Pande zote mbili zilikuwa na haki, kwa sababu hakuna aliyekuwa na orodha moja inayoonyesha hoja, tarehe, aliyepewa na ilipofikia. Muhtasari wa kikao unaandika yaliyosemwa kwa ukamilifu, lakini kumtafutia mwananchi jibu ndani ya kurasa hizo ni kazi ya siku nzima.

Wapo watakaosema kwamba halmashauri zina mengi makubwa zaidi ya barua za wananchi. Mimi nina umri wa kukumbuka kipindi ambacho hazikuwapo. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa na kazi zake kuhamishiwa kwa watumishi wa Serikali Kuu mikoani na wilayani. Huduma za mijini zilidorora kwa kiwango ambacho mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa kabla ya zile za wilaya, na sheria tulizo nazo sasa zikatungwa mwaka 1982. Ibara ya 146 ya Katiba inasema wazi kwamba madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa maoni yangu, madaraka ya mwananchi wa kawaida katika siku zisizo za uchaguzi ni hayo hasa ya kupeleka jambo lake na kupata jibu.

Kuhusu taka nitasema kwa ufupi. Kikundi kilichopewa kazi ya kuzoa taka katika mtaa wetu hupita na guta mara mbili kwa wiki, ada hukusanywa kwa mashine na risiti hutolewa, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi wa pamoja, watu wengi hujitokeza kweli. Tatizo liko kwenye kizimba, kwa maana guta likishamwaga pale, gari la jiji la kupeleka dampo huchelewa, na wakazi wanaoishi jirani na kizimba huvuta harufu kwa niaba yetu sote.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo kisheria hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na ambayo haina riba, sijaiomba mimi. Nimeishuhudia kwa kikundi cha mafundi cherehani walio mkabala na duka langu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na akina mama hao walipoomba tena walisaidiwa na afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa uvumilivu mkubwa, hata akaja dukani kwangu kuwatolea nakala za katiba ya kikundi chao. Maombi yao yalipitia kwenye mfumo, na walipokuwa na wasiwasi waliambiwa yamefika hatua gani. Wao walijua, mimi wa mtaroni sikujua.

Ninachoiomba halmashauri yetu hakihitaji fedha nyingi. Mstari wa rejista una namba tayari. Mwananchi aandikiwe namba hiyo kwenye nakala yake. Namba ya simu iulizwe kwenye barua ya mtaa. Palipoandikwa “Mwananchi ajulishwe”, atajwe kwa cheo mtu wa kumjulisha na siku ya kufanya hivyo. Na kila mwezi orodha ya malalamiko ya kata, na yalikofikia, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, pale ambapo taarifa za mapato na matumizi hubandikwa. Serikali ina mfumo wa e-Mrejesho wa kupokea maoni na malalamiko dhidi ya taasisi za umma kwa simu, lakini katika ziara zote 11 sikuona hata bango moja linaloutaja. Niliusikia redioni.

Kwa mtu anayekwenda kupata leseni, nenda bila hofu, na karatasi zako zikiwa kamili. Kwa mwenye lalamiko, anza na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, usiruke ngazi, na uhakikishe namba yako ya simu imo ndani ya barua. Uliza mapema kama jambo lako ni la jiji, la wakala wa barabara au la mamlaka ya maji, na nakala iende kwa diwani. Ukifika masjala, usiondoke na muhuri peke yake. Omba uandikiwe namba ya mstari wa rejista nyuma ya nakala yako, na mhudumu akikuuliza ni ya nini, mweleze kwa upole kwamba hiyo ndiyo utakayomtajia ukirudi.